Mtoto Mdogo Aende Lini Kwenye Bustani ya Michezo? Mwongozo Kamili wa Kuchagua Mwaka, Mwezi na Saa kwa Wazazi wa Dar es Salaam

Kila baada ya sikukuu wazazi wa darasa langu la awali huniletea kilio kilekile. Wametoka nyumbani saa nne, wamefika saa saba, wamelipa kiingilio cha watu watano, na mtoto ambaye safari ilikuwa yake amelia kuanzia getini mpaka akalala begani kwa baba yake. Mwingine amezuiwa kwenye kila mchezo kwa sababu ni mfupi. Mwingine kasimama kwenye foleni dakika arobaini, kajikojolea, na safari ikaishia hapo.

Wengi wanaondoka wakiamini mtoto wao ni msumbufu. Mtoto hana kosa. Siku ilichaguliwa kwa kuangalia mshahara umeingia lini na sikukuu inaangukia wapi, na yeye hakupimwa kwa lolote. Hapa tutaanza na mwili wa mtoto na kumalizia na tarehe.

Ninaposema bustani ya michezo nina maana ya sehemu kama Wet 'n' Wild ya Kunduchi, Fun City ya Kigamboni na nyingine ndogo zenye mitelezo ya maji, mabwawa, bembea za mashine na vigari vya kugongana. Mwongozo unawahusu watoto wa mwaka 1 hadi 7. Anza wiki tatu kabla ya siku unayoifikiria. Hatua ya 1 hadi ya 3 zitakuambia kama mtoto aende mwaka huu. Ya 4 hadi ya 6 zitakupa siku. Zilizobaki ni za siku yenyewe.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Futi kamba ya fundi nguo, yenye upande wa sentimita
- Daftari, au sehemu ya kuandikia kwenye simu
- Kalenda yenye sikukuu za kitaifa, sikukuu za dini na likizo za shule
- Muda wa maongezi wa kutosha kupiga simu moja ndefu
- Mtu mzima wa pili aliyekubali kwenda, asiyebembelezwa
- Kalamu ya wino usiotoka kwa maji
- Kofia ya mtoto, chupa ya maji, losheni ya kukinga jua, taulo, nguo mbili za kubadilisha

Futi kamba ndiyo inayosahaulika, na ndiyo tunayoanza nayo.

## Hatua ya 1: Pima urefu, sahau umri kwa sasa

Mvue mtoto viatu. Mama aliyemsuka nywele za juu azilaze. Msimamishe ukutani, visigino, makalio na mgongo vikigusa ukuta, macho yakitazama mbele. Weka kitabu bapa kichwani, chora alama ukutani, kisha pima kutoka sakafuni. Rudia mara mbili. Andika namba na tarehe.

Sababu ni kwamba michezo mingi ya mashine na mitelezo mikubwa hupangwa kwa urefu. Chuma kinachoshuka mapajani kimetengenezwa kushika mwili wa ukubwa fulani. Mwili ukiwa mdogo kuliko huo unateleza chini yake pale mashine inapokata kona. Anayekuzuia pale mlangoni anamlinda mwanao, na kubishana naye hakutakuletea kheri.

Mipaka hutofautiana kati ya sehemu na sehemu, lakini utakutana sana na sentimita 90, 100 au 110, na 120. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa wastani wa miaka 3 ana sentimita kama 95, wa miaka 4 kama 103, wa miaka 5 kama 110, na 120 huifikia akikaribia miaka 7. Hizo ni wastani tu. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba watoto 3 kati ya 10 wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Kwa hiyo mtoto wa jirani mwenye umri uleule si kipimo cha wako.

Mimi naisoma namba hivi:

- Chini ya sentimita 90. Atabaki kwenye bwawa la kina kifupi na bembea za kawaida. Vyote viwili anaweza kuvipata karibu na nyumbani kwa gharama ndogo. Subiri.
- 90 hadi 105. Aende sehemu ndogo yenye eneo lake la watoto. Bustani kubwa itamwonyesha mengi asiyoruhusiwa, na hilo humuumiza mtoto kuliko kutokwenda kabisa.
- 105 hadi 120. Huu ndio wakati mzuri wa safari ya kwanza ya siku nzima, ikiwa hatua ya 2 na ya 3 zitakubali.
- Zaidi ya 120. Milango mingi iko wazi, na swali linalobaki ni la hofu yake.

Tahadhari: usimvishe viatu vya soli nene wala kumfundisha kusimama kwa vidole ili apite. Nimeona wazazi wakifanya hivyo mbele ya macho yangu na moyo wangu ukaenda mbio.

Umefaulu ukiwa na namba moja ya kila mtoto, iliyoandikwa. Kama mna watoto wawili, mmoja ana 122 na mwingine ana 86, hizo ni safari mbili tofauti. Wakienda pamoja basi wawepo watu wazima wawili, kila mmoja na mtoto wake tangu getini hadi getini.

## Hatua ya 2: Mjaribu karibu na nyumbani

Bustani ya michezo ni foleni, kelele, maji usoni na watu wasiojulikana, vyote kwa wakati mmoja. Kila kimoja unaweza kukijaribu kwa bei ndogo au bure kabla hujalipa kiingilio.

Foleni. Nenda naye mahali mnaposubiri dakika ishirini, iwe saluni au duka la mashine ya unga. Usimpe simu. Angalia anafika dakika ya ngapi kabla hajalala sakafuni.

Kelele. Mtaani kwetu hakuna uhaba wa spika. Sherehe ya jirani inatosha. Anaziba masikio na kung'ang'ania sketi yako, au anasogea kuona?

Maji. Wakati wa kumwogesha mmwagie kikombe cha maji kichwani, yamshukie usoni. Anayepiga mayowe kwenye beseni hawezi kugeuka mwingine kwenye bwawa lenye watoto mia.

Kupotea. Muulize jina lake, jina la mama, jina la baba na mtaa anaokaa. Kisha mfundishe jambo moja: akiona hatupo, asimame palepale na aite kwa sauti. Fanyeni mazoezi sokoni huku mmesimama hatua tano nyuma yake.

Ongeza na swali la haja. Anayesema "mama, nataka kukojoa" mapema amevuka mlima mkubwa. Mtoto wa pampasi anaweza kwenda, lakini pampasi ya kawaida inavimba majini na haizuii kinyesi. Tena mtoto aliyeharisha ndani ya wiki mbili zilizopita asiingie bwawani kabisa, hata kama amepona, kwa sababu baadhi ya vijidudu vya kuhara huendelea kutoka tumboni siku nyingi na havifi haraka kwa klorini.

Tahadhari: hofu ya kelele na ya watu waliovaa vinyago ni ya kawaida sana kati ya miaka 2 na 4. Usimwite mwoga, na usimbebe kwa nguvu umwingize. Mtoto aliyelazimishwa mara moja hukumbuka hofu ile kila akisikia jina la mahali pale.

Umefaulu akivuka majaribio matatu kati ya manne. Akivuka mawili, rudia baada ya miezi mitatu. Watoto wa umri huu hubadilika kwa miezi, na nimeona wengi waliolia Machi wakishangilia Julai.

### Neno kwa wenye watoto wenye hali maalumu

Mwenye selimundu: maji baridi na kuishiwa maji mwilini vinaweza kumwamshia maumivu makali. Zungumza na daktari wake kwanza, na ukikubaliwa chagua mchana wa joto, vipindi vifupi majini, taulo kavu mkononi, na maji ya kunywa kila mara. Mwenye kifafa asiingie majini bila mtu mzima anayemgusa muda wote. Mwenye pumu asisahau pampu yake nyumbani. Mwenye ualbino aende asubuhi na mapema au baada ya saa tisa alasiri, kofia pana, mikono mirefu, losheni ikirudiwa kila atokapo majini. Hao wote ni watoto kama wengine na wana haki ya kucheka kwenye mtelezo. Wanahitaji tu siku iliyopangwa kwa makini zaidi.

## Hatua ya 3: Andika usingizi wa siku saba

Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika bila mtu kujua kwa nini.

Kwa wiki nzima andika saa anayoamka, saa anayolala mchana na saa anayolala usiku. Shirika la Afya Duniani linashauri saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 2, na saa 10 hadi 13 kwa wa miaka 3 hadi 4, usingizi wa mchana ukiwa ndani yake. Watoto wengi hapa mjini hulala mchana kati ya saa saba na saa tisa. Familia nyingi nazo hufika bustanini saa hizohizo, jua likiwa utosini.

Sasa piga hesabu. Chukua familia ya Gongo la Mboto inayokwenda Kunduchi kwa daladala. Mtoto anaamka saa kumi na mbili na nusu na analala mchana saa saba na nusu. Ana saa saba za kuwa macho. Kuoga na chai, saa moja. Safari na kubadilisha magari, saa mbili na nusu siku isiyo na foleni kubwa. Zimebaki tatu na nusu. Toa nusu saa ya tiketi na kubadilisha nguo. Mtoto huyo ana saa tatu za furaha, basi. Utakachompangia zaidi ya hapo atakilipia kwa machozi.

Kama hesabu yako inatoa chini ya saa mbili na nusu, chagua sehemu iliyo karibu zaidi, au lala kwa shangazi anayekaa upande ule mkaamkie huko. Familia za Mbezi ya Kimara na Kibamba zinazotaka kwenda Kigamboni nawashauri hivyo kila mara.

Tahadhari: usitegemee kwamba atalala njiani. Usingizi wa dakika ishirini kwenye daladala unamnyima ule wa mchana na haumtoshi. Anafika akiwa amenuna, na mzazi anadhani mahali hapajampendeza.

Umefaulu ukiwa na sentensi kama hii kwenye daftari: "Mwanangu ni wa saa nne hadi saa saba."

## Hatua ya 4: Chagua mwezi, kisha siku

Mwezi. Masika ni Machi hadi Mei, na Aprili ndiyo yenye mvua nyingi zaidi. Mvua ikikolea barabara nazo hufunga. Pale Jangwani, Bonde la Msimbazi limeshafunga Barabara ya Morogoro mara nyingi, na hutaki kukwama pale na mtoto wa miaka mitatu. Vuli ni Oktoba hadi Desemba, nyepesi lakini haitabiriki. Desemba hadi Machi ni joto la kaskazi, nyuzi 31 na zaidi mchana, na unyevu wa bahari unaofanya mwili usipoe hata kivulini.

Zinabaki Juni hadi Septemba. Mvua ni chache, jua ni la wastani na jioni kuna upepo. Kwangu hiyo ndiyo miezi ya watoto wadogo. Ina kasoro moja: asubuhi za Julai maji ya bwawa huwa baridi, na mtoto mwembamba hutetemeka midomo ikabadilika rangi. Muanzishe na bembea na michezo ya nchi kavu, maji yaje saa tano jua likishapasha.

Siku. Jumanne, Jumatano au Alhamisi ambayo si sikukuu, shule zikiwa wazi. Mimi ni mwalimu na ninalisema bila kusita: mtoto wa darasa la awali akikosa siku moja kwa ruhusa, hapotezi kitu kisichofidika. Mjulishe mwalimu wake. Ukiwa na mkubwa wa darasa la tatu ni habari nyingine, hapo tumia siku za katikati ya wiki ndani ya likizo ya Juni.

Epuka mwisho wa juma ulio karibu na mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imeingia. Katikati ya mwezi mifuko imekaza na foleni ni fupi. Januari ya ada wala sihitaji kuieleza.

Kama utapita Barabara ya Kilwa, jihadhari na siku za maonyesho ya Sabasaba, kuanzia mwisho wa Juni hadi karibu katikati ya Julai. Magari huwa hayasogei.

Na kuna siku ambazo watu hawafikirii: zile za karibu na kufunga muhula. Shule binafsi hukodi mabasi na kuleta watoto mia tatu kwa mkupuo, hasa Ijumaa. Nimekuwa ndani ya mabasi hayo. Tukishaingia sisi, mtoto wako wa miaka minne hana nafasi kwenye ngazi za mtelezo.

### Kuhusu Idi, Pasaka na Krismasi

Najua ndizo siku zenye nguo mpya na ahadi. Najua pia mtoto anaulizwa na wenzake, "nyie mlienda wapi?" Hata hivyo, kwa mtoto wa chini ya miaka 6 ninasema hapana.

Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi el Fitri, watoto wapatao 20 walikufa Tabora kwenye ukumbi wa disko uliojazwa kupita kiasi. Ndiyo sababu kila sikukuu polisi hutangaza kuzuia disko toto. Bustani iliyo wazi si ukumbi uliofungwa, lakini geti jembamba, ngazi za mtelezo na foleni ya choo vinabana vilevile watu wakizidi, na anayebanwa kwanza ni mfupi kuliko wote.

Nilijifunza kwa mwanangu wa pili. Tulimpeleka sehemu moja Idi Pili akiwa na miaka miwili na nusu. Niligeuka kuchukua chenji, nikigeuka tena hayupo. Zilipita dakika ambazo hata leo siwezi kuzihesabu. Nilimkuta mgongoni kwa mama mmoja asiyenijua, amemfunga kwa khanga yake, anazunguka naye kwenye umati akiita, "Mtoto wa nani huyu?" Sikuwahi kulijua jina lake, na namwombea kila Idi.

Sherehekeeni nyumbani kwa pilau na ndugu. Bustanini mwende wiki mbili baadaye, siku ya Jumatano. Mtoto wa miaka minne hajui kalenda, atajua tu kwamba ameahidiwa na imetimia.

Familia zisizofunga zinaweza kuchagua asubuhi za Ramadhani, ambazo huwa tulivu, ila ulizeni kama jiko linafanya kazi. Anayefunga asijipe kazi ya kulinda mtoto majini saa sita mchana akiwa na kiu. Kumbuka Ramadhani na Idi hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo kalenda ya mwaka jana haikufai.

Umefaulu ukiwa na tarehe mbili: ya kwanza, na ya akiba.

## Hatua ya 5: Piga simu, uliza haya

Usitegemee picha za mtandaoni, nyingine ni za miaka mingi. Piga siku tatu kabla, uliza na uandike majibu:

1. Siku hiyo mnafungua saa ngapi? Kuna shule au sherehe iliyoweka nafasi?
2. Michezo ipi ya watoto inafanya kazi kwa sasa? Umeme ukikatika inakuwaje?
3. Kila mchezo unataka urefu gani?
4. Mnatoza kwa umri au kwa urefu? Mtu mzima asiyecheza analipa? Kiingilio kinajumuisha michezo yote au kila mmoja una tiketi yake?
5. Bwawa la watoto lina kina gani, na waokoaji wapo siku za katikati ya wiki?
6. Nguo gani zinaruhusiwa majini? Mavazi ya kuogelea ya stara yanakubalika?
7. Tunaruhusiwa kuingia na chakula cha mtoto?

Swali la nguo limewarudisha wengi. Sehemu nyingi hazikubali fulana za pamba na kaptula za kawaida bwawani, na utajikuta unanunua suti ya kuogelea getini kwa bei ya pale.

Anayepokea simu akishindwa kukujibu kuhusu waokoaji, kwangu mimi hiyo ni sababu tosha ya kutafuta mahali pengine.

## Hatua ya 6: Hesabu mikono

Hii nakuomba usiisome harakaharaka.

Kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 atakayeingia majini, awepo mtu mzima mmoja, ndani ya maji pamoja naye, umbali wa mkono kunyooka. Watoto wawili, watu wazima wawili. Huna wa pili? Basi tarehe bado haijafika, hata kama urefu, usingizi na hali ya hewa vyote vimekubali.

Mtoto anayezama hapigi kelele. Mdomo uko majini, hewa ya kuitia hana. Mikono haipungi kama tunavyodhani, husukuma maji chini, na kwa mbali anaonekana kama anacheza. Inachukua muda mfupi kuliko kujibu ujumbe mmoja wa simu, na maji yanayomfika mtu mzima kwenye kifundo cha mguu yanamtosha mtoto mdogo. Duniani kote watoto wa mwaka 1 hadi 4 ndio wanaozama zaidi kuliko rika jingine lolote.

Maputo ya kuelea yanayovaliwa mikononi ni kichezeo. Yanachomoka, yanapasuka, na yanampa mzazi moyo asiostahili kuwa nao. Kama mahali pana jaketi za kujiokolea za saizi ya mtoto, mvishe, na bado kaa karibu.

Dada wa kazi ahesabiwe kama mkono ikiwa tu anajua kuogelea na hana mzigo wa mabegi. Muulize kwa heshima, mbali na watu: "Dada, maji unayazoea?" Wengi wanatoka mikoa ya bara na hawajawahi kuingia bwawani. Si haki kumpa jukumu la uhai wa mtoto kwenye kitu ambacho yeye mwenyewe anakiogopa. Babu na bibi vivyo hivyo.

Mkiwa kundi, pangianeni zamu za robo saa za kutazama maji. Mwenye zamu hana simu, hana soda, hapigi soga. Watu wazima kumi bila mwenye zamu ni sawa na hakuna anayetazama.

Umefaulu ukiweza kutaja jina la mtu mzima wa kila mtoto, na mtu huyo anajua.

## Hatua ya 7: Panga njia

Fupi hii. Kunduchi unapitia Barabara ya Bagamoyo. Ondokeni mapema, na kurudi muwe mmeshapita Mwenge kabla ya saa kumi alasiri. Kigamboni una kivuko cha Magogoni au Daraja la Nyerere. Watoto hupenda kivuko, na kinaweza kuwa nusu ya furaha ya siku, ila foleni yake haitabiriki, hivyo nendeni kwa daraja na mrudi kwa kivuko.

Bajaji ni sawa kwa kipande cha mwisho. Bodaboda yenye mzazi na watoto wawili, hapana, hata kama ni mita mia tano.

## Hatua ya 8: Uamuzi wa alfajiri

Usimwambie mtoto wiki nzima kabla. Mwambie jana yake jioni, ili ikiahirishwa iwe huzuni ya usiku mmoja.

Saa kumi na mbili asubuhi mguse kipajini, tazama mawingu, kumbuka alilalaje. Akiwa na joto mwilini, muende kupima malaria na si kwingineko. Akiwa ameamka mara tatu usiku, chukueni tarehe ya akiba. Mvua ikiwa imeshika, mpelekeni sehemu za michezo za ndani kwenye maduka makubwa kama Mlimani City kwa saa moja, na bustani isubiri.

Kuahirisha kunauma ukiwa umeshajipanga na nguo zimeshapigwa pasi. Bado ni nafuu kuliko kiingilio cha watu watano na mtoto mwenye homa.

## Hatua ya 9: Getini na ndani

Kabla hujaingia, mpige picha akiwa na nguo za siku hiyo, ili akipotea uwe na cha kuonyesha. Mwandikie namba yako ya simu mkononi kwa ile kalamu. Rangi kali kama njano au chungwa huonekana kwa mbali. Bluu hupotea majini. Mwonyesheni mahali pa kukutana, kitu kikubwa asichoweza kusahau.

Anzeni na mchezo mdogo kuliko anaouweza. Ushindi wa kwanza ukiwa rahisi, wa pili anauomba mwenyewe. Chakula kizito kije baada ya maji. Kila nusu saa kivuli na maji ya kunywa, hata akisema hana kiu. Akianza kutetemeka mtoeni, mkaushe, avae.

Kwa dharura ndani, mwite mwokoaji au mlinzi aliye karibu kwanza. Namba ya polisi na dharura ni 112, Zimamoto na Uokoaji ni 114. Ziwe zimehifadhiwa kwenye simu tangu nyumbani.

Ondokeni nusu saa kabla ya saa uliyoiandika kwenye hatua ya 3, akiwa bado anacheka. Atasema, "Mara moja tu tena." Mpe hiyo mara moja, uitaje kuwa ya mwisho, kisha mkono ushike mkono mpaka nje.

Akilala kabla hamjafika Mwenge, mwacheni alale. Kesho yake muulize alipenda nini na umwandikie kwenye daftari kwa maneno yake mwenyewe. Chini yake andika tarehe ya leo na miezi sita mbele, siku ya kumpima tena ukutani, juu ya alama ileile.